Papa Inspecteur na Sakafu ya Roketi

Mtu wa kwanza niliyemwona akipewa alama D na Papa Inspecteur alikuwa bwana harusi. Tulikuwa ndani ya kanisa letu la mtaa wa Saint-Josse, Brussels, ambalo zamani lilikuwa gereji, na bwana harusi alisimama mbele ya watu akitokwa jasho ndani ya suti ya kuazima. Papa Inspecteur alimtazama kuanzia viatu hadi kola, akatoa kidaftari mfukoni, akaandika, kisha akanisogezea nione. Msingi: dhaifu. Rangi ya nje: nzuri. Nyufa: zipo, zimefunikwa. Alama: D. Bibi harusi alipata B, na pembeni palikuwa na maelezo kwamba anastahili kuhifadhiwa mbali na unyevu.

Ndoa ile ingali imesimama na ina watoto wanne. Nalisema hili mapema ili asitokee wa kudhani kwamba namsifu mtu asiyekosea. Alikosea mara nyingi, tena kwa sauti kubwa.

Jina lake nalijua, ila hakuna aliyelitumia. Wakongo wote wa mitaa ile, wa Katanga kwa wa Kivu, walimwita Papa Inspecteur, na hata waliomcheka walimcheka kwa jina hilo. Cheo hicho hakupewa na serikali yoyote. Alikipata kwa fundi wa funguo na mihuri karibu na kituo cha treni, aliyemchongea muhuri wa mpira, wa duara, unaosema kwamba mwenye muhuri huu ni mkaguzi wa majengo ya kihistoria ya kurushia roketi. Katika Brussels nzima ya miaka ile ya tisini sidhani kama alikuwepo wa pili.

Mimi wakati huo nilikuwa na miaka thelathini hivi, nimetoka Lubumbashi kwa njia ya mzunguko, Lusaka, Dar es Salaam, na kwingine ambako sikukaa hata wiki. Shule niliiacha kabla hatujafika kwenye sehemu na desimali, na tangu siku ile nimekuwa nikiwauliza watu mambo ambayo ningepaswa kuulizwa mimi. Nilikuwa nashusha magunia kwenye duka la Mmoroko mmoja. Siku moja mzee mwenye kofia ya pama alipiga magoti mbele ya duka, akatoa ufunguo, akaanza kugonga ngazi ya mlangoni. Aligonga, akasikiliza, akasogea kidogo, akagonga tena. Wateja walimruka.

"Bon, patron," akamwambia mwenye duka, "hii ngazi haitapita baridi ya mwaka huu."

Mwenye duka alimuuliza kwa subira afanye nini basi. Papa Inspecteur akajibu kwamba afagie. Nikamuuliza mimi, kwani kufagia kunazuiaje ngazi kupasuka? Hapo ndipo aliponitazama kwa mara ya kwanza. Nadhani hakuwahi kuulizwa swali la pili.

"Maji inakaa kwa uchafu," akasema. "Baridi inakuja, ile maji inakuwa barafu, barafu inapasua béton, ni kusema zege. Muntu mwenye anafagia, anafukuza maji. Weye unafanya kazi gani à part kubeba magunia?"

Nikamwambia sina kazi nyingine, natembea tu. Tangu siku hiyo aliniita muntu wa njia. Ngazi ile, kwa taarifa yenu, haijapasuka hadi leo, na Mmoroko hakuifagia hata siku moja.

Kufagia ilikuwa dini yake. Alisema nyumba haifi kwa mvua wala kwa umri, inakufa siku ambayo ufagio unaacha kupita. Aliwaambia hivyo wenye nyumba, wazee wa kanisa, na dereva mmoja wa tramu ambaye hakuwa amemuuliza chochote. Chumba chake mwenyewe hakikufagiwa. Ulipokuwa ukiingia ilikubidi uchague pa kukanyaga kati ya kaseti, magazeti, sahani na mabomba mafupi ya chuma ambayo hakuwahi kunieleza ni ya nini. Nilipomtania kuhusu jambo hilo alisema kwamba mganga hajigangi, na kwamba vumbi lake lilikuwa chini ya uchunguzi.

Kuhusu kazi aliyoifanya kule nyumbani, kulikuwa na hadithi tatu. Kwa vijana wa kanisani alikuwa mhandisi. Kwa kina mama wa kwaya alikuwa yule aliyebonyeza kitufe roketi ikaruka. Kwa pasta, ambaye alikuwa mtu wa maswali, alisema alikuwa mpishi wa Wazungu, ili pasta asiendelee kuuliza. Mimi aliniambia ya nne, baada ya mwaka mzima, na ndiyo ninayoiamini kwa kuwa haikumfaidi kitu. Alikuwa kapita, msimamizi wa vibarua wa zege.

Kaskazini mwa Katanga, ambayo siku hizo iliitwa Shaba, kuna uwanda wa juu, na chini yake mto unapita bondeni. Huko Wazungu walikuja miaka ya sabini kujaribu roketi. Walihitaji sakafu nene ya kusimamishia vyuma vyao, na Papa Inspecteur ndiye aliyesimamia umwagaji wake. Aliniambia kwamba walimwaga siku tatu bila kusimama, karai kwa karai, kwa sababu ukiacha zege likauke nusu kisha ukaongeza nusu, pale pa kuungana patakuja kupasuka. Watu walipochoka aliwasimulia hadithi chafu za mapadri ili wasilale. Kisha akawaamuru wakate nyasi mbichi, waifunike sakafu yote, na kuinyeshea asubuhi na jioni kwa mwezi mzima.

"Ingénieur alicheka," akasema. "Akauliza, ni béton ao ni mugonjwa? Nikamuambia, Patron, béton ni kama mama mwenye amezaa. Huwezi mutosha inje kwa jua siku ya kwanza."

Mhandisi alipoona kwamba sakafu haina ufa hata mmoja, aliacha kucheka na akapiga picha. Papa Inspecteur hakuwa na nakala ya picha hiyo.

Jambo ambalo hakulisema kwa wengine ni kwamba hakuwahi kuona roketi ikiruka. Mara ya kwanza alitumwa bondeni kuzuia watu wasipande na mbuzi wao. Alisikia mngurumo, mbuzi wakakimbia, akashinda siku nzima akiwatafuta. Mara ya pili alikuwa na malaria. Mara ya tatu alikuwepo, upande wa mlima, na mhandisi kwa heshima akamwazima darubini. Roketi ikawashwa, watu wote wakainua vichwa. Yeye alielekeza darubini chini, kwenye sakafu, aone kama itapasuka.

"Na ikapasuka?" nikamuuliza.

"Hata," akasema. "Ilikaa kimya kabisa." Alipoinua macho, roketi ilikuwa imekwisha kupotea, na palikuwa na moshi tu ambao, alisema, haukuwa tofauti na moshi mwingine.

Wazungu wale waliondoka baadaye na vyuma vyao vyote. Sakafu waliiacha, maana zege halipandi ndege.

Sasa niseme kuhusu Madame, kwa sababu bila yeye muhuri ule usingekuwa na kazi. Alikuwa mwalimu mstaafu wa fizikia, mrefu, nywele nyeupe, na alikuwa katibu wa chama kidogo cha wazee wapenzi wa mambo ya anga. Walikutana Jumamosi moja kila mwezi katika ukumbi huko Auderghem, karibu na msitu, wakanywa kahawa na kubishana kuhusu injini. Walikuwa wanaandaa kitabu: daftari la mahali pote duniani palipowahi kurushwa roketi, ili pasije pakasahauliwa au kubomolewa. Kila mahali palihitaji fomu iliyojazwa na mtu anayepajua. Kimebaki nini, kina hali gani, kinatumiwaje sasa, na mwisho alama. Palipopata A au B, chama kingeandika barua kwa wakubwa na kutafuta wafadhili wa kupazungushia uzio na kuweka mlinzi. Pa D pangepata mistari michache tu, kama tangazo la kifo.

Papa Inspecteur alipata habari za chama hicho kwenye gazeti lililofungiwa samaki. Jumamosi iliyofuata alifika Auderghem amevaa tai, na mimi nyuma yake nikiwa nimebeba begi tupu, kwa sababu alisema mkaguzi hawezi kufika bila mtu wa begi. Madame alipoelewa huyu ni nani alishika mdomo kwa mkono. Mahali pa Shaba palikuwa pengo katika kitabu chao. Hapakuwa na hata mmoja wao aliyeweza kwenda. Papa Inspecteur naye hangeweza kwenda, lakini hilo hakuliona kuwa kikwazo. Alisema atakagua kutoka Saint-Josse.

Na alikagua. Kila Mkatanga aliyewasili kutoka upande wa kaskazini aliitwa kwenye chumba chake, akapewa chai, akahojiwa. Umepita pale juu? Ulikanyaga? Ilikuwa moto au baridi chini ya mguu? Kulikuwa na majani kwenye kona? Kijana mmoja aliyekuja kusoma udaktari alihojiwa saa tatu, na baadaye aliniambia kwamba polisi wa uwanja wa ndege walikuwa na haraka zaidi.

Chanzo kikubwa kilikuwa dada yake mkubwa, aliyeishi kijijini karibu na uwanda. Alimwita yaya. Walikuwa wakitumiana kaseti kwa mikono ya wasafiri, naye yaya alizungumza kwa sauti nzito isiyo na haraka, huku nyuma yake kuku wakichangia. Kwa kaseti hizo nilijifunza kitu ambacho Papa Inspecteur hakuwa amekisema: kwamba sakafu ya roketi ilikuwa na wenyewe. Tangu Wazungu waondoke, wanawake wa kijiji walipanda na mabeseni ya muhogo uliorowekwa, wakauanika pale. Kila asubuhi walifagia kwanza. Muhogo ulioanikwa chini una mchanga, na bukari yake, yaani ugali, inasaga meno. Muhogo wa sakafu ya roketi haukuwa na punje. Watu wa bondeni walikuwa wakipanda mlima kuununua, wakiwapita wauzaji wengine wote njiani.

Fomu ilitaka vipimo. Papa Inspecteur alikuwa na takwimu zake kichwani, lakini hakujiamini, jambo la nadra. Akamuuliza yaya kwa kaseti. Jibu lilikuja baada ya miezi miwili: sakafu ilikuwa ya mabeseni arobaini, na kona moja ya kukalia.

"Bon," akasema Papa Inspecteur, akazima redio ya kaseti. "Sasa tutafute beseni moja."

Tulinunua muhogo Matonge, mtaa wa maduka ya Waafrika, tukauroweka ndani ya bafu lake siku tatu. Wasiojua harufu ya muhogo ulioiva majini wamshukuru Mungu. Siku ya pili jirani wa juu alipiga simu, wakaja mafundi wawili wa gesi na kifaa cha kunusa, wakazunguka nyumba nzima. Papa Inspecteur aliwafungulia mlango, akawasindikiza kila chumba isipokuwa bafuni, na mwishowe akawaambia kwamba kwa maoni yake mabomba ya jengo lile ni C.

Siku ya tatu tulijaza beseni, tukalipeleka kanisani, tukaumwaga na kuupanga sakafuni jinsi kina mama wanavyopanga, nikaanza kupima kwa futi ya fundi cherehani. Hapo akaingia pasta na kina mama wa kwaya.

Pasta alisimama mlangoni akaziba pua. Akauliza kuna nini.

"Pasteur, tuko napima njia ya kwenda mbinguni," akasema Papa Inspecteur bila kusimama.

"Na inanuka hivi?"

"Bote si banasemaka ni njia ya mateso?"

Tungefukuzwa, kama si kwaya. Maman mmoja wa Kivu alitazama muhogo wetu akasema kwamba umetawanywa kama pesa za mlevi, kwao wanaubananisha. Maman wa Katanga akamjibu kwamba ndiyo maana kwao unaoza. Wakapiga magoti wote wawili, kila mmoja na upande wake, wakapanga upya wakitukanana kwa adabu ya kanisa, huku mimi nikipima na Papa Inspecteur akiandika. Pasta aliketi akasubiri. Ibada ilichelewa, na kwa wiki mbili waumini walisali wakiwa wameelekea dirishani.

Papa Inspecteur alichukua kipimo cha Kivu na cha Katanga, akatafuta katikati yake, akazidisha kwa arobaini, akaongeza kona ya kukalia, akapeleka Auderghem. Madame alikuwa amepata ramani ya zamani ya mahali pale kutoka kwa mzee mmoja wa chama. Akalinganisha. Tofauti ilikuwa hatua moja. Wazee wote waliacha kahawa zao. Madame akauliza kwa unyenyekevu ni njia gani imetumika.

"Méthode traditionnelle," akasema Papa Inspecteur, yaani njia ya mababu, akafunga begi.

Siku hiyohiyo ndipo yalipoanza. Madame, macho yakimeta, alisema kwamba ikiwa sakafu ni nzima namna hiyo, bila ufa, basi ni A isiyo na ubishi, na tayari kuna mfadhili anayeulizia mahali pa Afrika. Uzio ungejengwa mwaka huohuo. Angewekwa mlinzi. Kungekuwa na kibao chenye jina la kapita aliyemwaga. Kilichobaki ni fomu yenyewe, iliyojazwa na kutiwa sahihi, kabla daftari halijafungwa mwisho wa mwaka. Kisha akauliza, kwa kuwa fomu inauliza, kama kuna watu wanaopatumia. Maana matumizi yoyote yasiyohusu roketi yangebidi yaondolewe kwanza.

"Hapana, Madame," akasema Papa Inspecteur. "Kunguru tu ndio banashukaka pale."

Nilimtazama. Hakunitazama.

Msinielewe vibaya, nilimwelewa. Mtu huyu alikuwa amejenga kitu kimoja maishani ambacho hakikuanguka, halafu akaja kuishi kwenye jiji ambako watu walimruka akiwa amepiga magoti kwenye ngazi. Sasa walimu wastaafu na wahandisi walikuwa tayari kuandika jina lake kwenye kibao. Njiani kurudi alizungumza juu ya uzio tu. Urefu wake, nguzo zake, na jinsi nguzo zenyewe zitakavyomwagiwa zege na mtu anayejua kazi. Akamwelezea yaya kwa kaseti, kwa furaha, pande zote mbili.

Jibu la yaya lilikuja mapema kuliko kawaida. Nilikuwepo. Alianza kwa salamu ndefu na habari za wagonjwa, kisha akasema:

"Mudogo wangu. Ile béton uliimwanga siku tatu, na mwezi moja ukaifunika majani. Siye tunaifagia miaka yote, asubuhi yote. Uliuliza kama iko na ufa, nikakuambia haina. Hukuuliza ni sababu gani haina. Sasa unatuma senyenge na askari. Bon. Tuma pia sakafu ingine."

Kuku wakalia kidogo, kaseti ikaisha. Papa Inspecteur akairudisha nyuma, akaisikiliza tena, kisha tena. Alisema yaya haelewi mambo ya patrimoine, yaani urithi wa kihistoria. Alisema kina mama wanaweza kutandika maturubai. Nikamwambia turubai linapeperuka, yeye mwenyewe alishanisimulia upepo wa kule. Nikamwambia pia labda uzio hautajengwa kamwe, nchi yenyewe iko vile ilivyo, nani atasafirisha nguzo hadi kule juu?

"Muntu wa njia," akasema, "pale juu balifikisha roketi. Muntu mwenye alifikisha roketi, unafikiri atashindwa kufikisha senyenge?"

Kwa wiki mbili hakugonga ukuta wowote. Nilimkuta mara kadhaa na fomu mbele yake, kalamu imefunikwa, amefikia kwenye kisanduku cha matumizi ya sasa na kukaa hapo kama mtu anayengoja tramu. Yaya alikuwa ndiye aliyemlea. Hilo nililijua kwa sababu aliwahi kuniambia kwamba mkono wa kwanza kumpiga na mkono wa kwanza kumlisha ulikuwa mmoja.

Jumamosi ya mwisho kabla ya daftari kufungwa tulikwenda Auderghem. Safari hii begi lilikuwa na bahasha, imebandikwa gundi, ina mihuri minne ya duara, mmoja kwa kila kona. Alimpa Madame akamwomba aifungue tukishaondoka. Madame alimshika mikono yote miwili. Wazee walimpigia makofi. Tulipewa keki ya tufaha, na ndani ya tramu Papa Inspecteur aliipa keki hiyo A, alama ambayo sikuwa nimemwona akiitoa kwa chakula chochote cha Ubelgiji.

Furaha hiyo ilinichoma. Nikamwambia, mbele ya abiria, kwamba amemuuza yaya wake kwa kibao.

Alijifuta makombo ya keki kidevuni.

"Weye," akasema, "hujawahi kumwanga hata kikombe ya béton. Donc, nyamaza."

Mwezi uliofuata niliondoka, kama ninavyoondoka siku zote, nikaenda Antwerp bandarini, kisha Rotterdam, kisha mahali ambapo kazi yangu ilikuwa kuwaosha farasi. Nilimfikiria mara nyingi kwa hasira, na niligonga kuta nyingi kwa ufunguo bila kujua nasikiliza nini.

Niliporudi Brussels, miaka ya tisini ikiwa karibu kwisha, nilipata kazi ya kusukuma mikokoteni ya shuka katika hospitali moja huko Woluwe. Asubuhi moja nikiingiza shuka kwenye chumba cha watu wawili, nikasikia mtu akimweleza muuguzi kwamba plasta ya dari ile imewekwa na mtu aliyekuwa akifikiria jambo lingine. Alikuwa amelala chali. Jicho moja lilikuwa limefungwa bandeji, limetoka kufanyiwa upasuaji, na lile jingine lilikuwa linangoja zamu, halioni zaidi ya mwanga. Nikamsalimu. Alinitambua kwa sauti.

"Muntu wa njia," akasema. "Njia imekutapika?"

Tulizungumza habari za kanisa. Pasta alikuwa amehamia Liège, na maman wa Kivu na wa Katanga walikuwa wakipika pamoja kwenye misiba. Habari za sakafu sikuuliza. Nilikuwa nakunja shuka zangu niondoke aliponiambia nifungue kabati la kando ya kitanda. Ndani mlikuwa na kitabu kinene chenye jalada la buluu. Daftari la Madame lilikuwa limechapishwa.

"Amekileta mwenyewe juzi, na maua," akasema. "Miye sioni. Bauguzi beko na haraka. Nisomee fasi yetu."

Niliitafuta Shaba. Nilitarajia ukurasa mzima, pengine picha. Ilikuwa mistari mitano chini ya ukurasa, chini ya mahali pengine. Nikasoma kimya kwanza, kisha kwa sauti, nikiigeuza kutoka Kifaransa. Sakafu ya kurushia, Shaba ya kaskazini. Hali: imepasukapasuka, imemezwa na majani, haitambuliki. Matumizi ya sasa: hakuna. Ulinzi: hakuna kinachostahili kulindwa. Alama: D. Na mwisho neno mkaguzi, likifuatiwa na jina lake kamili, lile ambalo hakuna aliyelitumia.

"Rudilia pa 'haitambuliki,'" akasema.

Nikarudia. Akaniomba nimwekee kidole pale jina lilipo. Nikakiweka. Akapapasa karatasi taratibu, mbele na nyuma, kwenye mstari ule mmoja.

Nilimuuliza kwa nini hakuandika ukweli tu, kwamba ni nzima na kina mama wanaitunza. Alisema alijaribu. Aliandika hivyo mara mbili, na kila alipoisoma upya aliona mtu mwema kama Madame akiisoma na kukimbilia simu. Ukiwaambia watu wema kuna kitu kizuri, alisema, hawalali hadi wakifungie. Nikamkumbusha ramani, na kile kipimo chenye tofauti ya hatua moja. Akasema kwamba kipimo ni upana, siyo afya. Na je, Madame hakushuku?

"Madame alilia," akasema. "Alikuja hapa, akanishika mukono. Akaniambia anajua ni uchungu gani kwa muntu kukagua kazi yake mwenyewe na kuandika vile. Eti ni ujasiri. Akaniuliza kama nataka jina langu litoshwe, lisiandikwe kwa toleo ingine."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamuambia hapana, Madame. Muntu abebe lake."

Aliyasema haya kwa sauti ya msibani. Nikamuuliza kuhusu yaya. Yaya alikuwa mzima, na alikuwa ametuma kaseti fupi. Haikuwa na shukrani. Ilisema tu kwamba mwaka huo muhogo ulikuwa mwingi, sakafu haikutosha, na kwa kuwa yeye ni fundi, kwa nini hakuimwaga kubwa zaidi.

Katika kitanda cha pili alilala mzee mmoja wa Kiflamandi ambaye alikuwa akitusikiliza bila kuelewa neno. Aliuliza kwa Kifaransa, kwa upole, kama tumesoma habari mbaya.

"C'est mon béton, monsieur," akasema Papa Inspecteur, kisha akamweleza: zege alilolimwaga akiwa kijana, kule kwao. Limekwisha kabisa. Limeandikwa kwenye kitabu.

Mzee yule alitikisa kichwa, akasema pole sana, ndivyo yanavyokwenda maisha. Papa Inspecteur alimshukuru kwa adabu. Kisha akajifunika shuka hadi juu ya kichwa, na kitanda kikaanza kutikisika kwa kicheko.